Ng'ombe munane kwenye kamio: kaye ya kilo na tarehe inasaidia nini

Simu ililia saa kumi na moja ya asubuhi. Alikuwa baba mkubwa, kutoka kwenye malisho yake huko Masisi. Usiku mzima walikuwa wamesikia mizinga, na watu wa kijiji cha pili walikuwa tayari barabarani, magodoro kichwani. Alikuwa amepata kamio moja, na dereva alitaka kuondoka kabla ya saa mbili. Akaniambia: "Tuko na nafasi ya ng'ombe munane tu. Ile kaye yako inasema nini? Niambie ni gani."

Kundi lilikuwa na ng'ombe 41. Nilifungua picha za kaye kwenye telefone na baada ya dakika kumi nikamtumia majina manane. Ninataka kuwaeleza hapa, wandugu, namna gani mtu anaweza kujibu swali kama lile kwa dakika kumi. Wengi wetu tuliosoma zootekinia tulipita somo la jenetiki kwa kukariri fomula usiku wa kuamkia mtihani, kiisha tukazisahau. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzisahau. Kwa hiyo msiogope, hesabu iliyo humu haipiti kugawa na kuzidisha.

Tuanze na macho. Mfugaji wa kwetu anamjua ng'ombe wake kuliko mtu yeyote: anajua mama yake, bibi yake, tabia yake, hata namna anavyokohoa. Lakini macho yanaona mwili, hayaoni damu. Ng'ombe mkubwa anaweza kuwa mkubwa sababu amerithi ukubwa, ama sababu alizaliwa mwanzo wa mvua wakati majani ni mengi, ama mama yake alikuwa na maziwa mengi, ama tu amezaliwa mwezi mmoja kabla ya wenzake. Katika sababu hizo nne, ni ya kwanza tu ambayo dume atawapa watoto wake. Kazi yote ya kuandika rekodi na kupima jenetiki ni kuitenganisha ile ya kwanza na zingine.

Nitatoa mfano wa kwenye kaye yetu. Bihogo, ng'ombe mzee wa rangi ya udongo mwekundu, alikuwa na ndama dume wa kilo 118. Gaju alikuwa na ndama dume wa kilo 109. Siku hiyo, kila mtu aliyesimama pale alisema wa Bihogo ndiye bora. Lakini wa Bihogo alikuwa na siku 230, wa Gaju siku 190. Wamarekani wana njia rahisi ya kusawazisha: wanahesabu kila ndama angekuwa na kilo ngapi kwenye siku ya 205. Unachukua kilo za leo, unatoa kilo za siku ya kuzaliwa, unagawa kwa idadi ya siku, unazidisha na 205, kiisha unarudisha kilo za kuzaliwa. Wa Bihogo alizaliwa na kilo 22: 118 kutoa 22 ni 96, gawa kwa 230, zidisha na 205, ongeza 22, unapata karibu 108. Wa Gaju alizaliwa na kilo 21: kwa njia ile ile unapata karibu 116. Yule aliyeonekana mdogo anamzidi mwenzake kilo 8. Kilichokosekana ni tarehe ya kuzaliwa tu.

Ndiyo maana nikiulizwa kitu gani cha kwanza cha kununua, sisemi mizani. Ninasema kaye na bic. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, jina la baba, dume ama jike: hivyo vinne havina bei, na bila hivyo hata mizani ya dola elfu haikusaidii kitu. Sisi hatukuwa na mizani. Tulitumia mita ya fundi wa nguo. Unazungusha mita kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unapima tena urefu wa mwili kutoka bega mpaka mfupa wa nyuma karibu na mkia, vyote kwa sentimita. Kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa 10.840, na unapata kilo. Ndama wa kifua 110 na urefu 100 anatoka karibu kilo 112. Siyo kilo kamili. Lakini kama ni mtu mmoja anayepima, kwa mita moja, asubuhi kabla ya kunywa maji, kosa linakuwa karibu sawa kwa wote, na sisi tunatafuta tofauti kati yao, hatuuzi kwenye buchari. Kwa ndama mchanga ilikuwa rahisi zaidi: mchungaji (wa ng'ombe, siyo wa kanisa) alimfunga kwenye kitenge na kumning'iniza kwenye ile mizani ya kupimia mihogo sokoni.

Jambo la pili ni rika. Ndama analinganishwa na wa rika lake tu: waliozaliwa msimu mmoja, wakala kilima kimoja, wakatunzwa na watu wale wale, madume na madume, majike na majike. Ndama aliyezaliwa mwezi wa tisa mvua ikianza huwezi kumweka pamoja na aliyezaliwa mwezi wa tano akaangukia kiangazi. Hata mama wanaozaa mara ya kwanza ni habari nyingine, maziwa yao bado ni kidogo. Kwa hiyo tunachoandika mwishoni siyo "kilo 116", ni "kilo 6 juu ya rika lake" ama "kilo 4 chini". Hiyo tofauti ndiyo chakula cha jenetiki.

Sasa tofauti hiyo, kiasi gani ni cha kurithi? Hapa ndipo kuna kile kiwango cha kurithika tulichokariri. Kwa kilo za kuachishwa maziwa, kwenye makundi mengi yaliyopimwa duniani, kiko karibu 0,2 mpaka 0,3. Kwa kilo za mwaka mmoja kinapanda kidogo. Kwa mambo ya uzazi, kama kushika mimba haraka, kinaanguka mpaka 0,1 ama chini yake. Maana yake kwa maneno ya nyumbani: ukiona ng'ombe hashiki mimba, angalia kwanza majani, chumvi, magonjwa na dume mwenyewe, kabla ya kulaumu ukoo wake. Lakini ukimchagua dume kwa kilo, unaweza kusogea kizazi kwa kizazi, polepole lakini kweli.

Dume anapimwa kwa watoto wake. Wazo ni la zamani. Katika karne ya 18, Robert Bakewell huko Uingereza alikuwa anakodisha madume ya kondoo kwa majirani, kiisha anakwenda kuangalia watoto wao walivyo, na kwa njia hiyo anajua dume gani ya kurudisha nyumbani. Hesabu yenyewe ilikuja baadaye. Jay Lush alifundisha jambo hilo Iowa katika miaka ya 1930, na Charles Henderson akatoa njia inayoitwa BLUP, ambayo inachukua rekodi za wanyama wote pamoja na undugu wao wote na kuzitatua kwa mara moja. Mwaka 1971 shirika la wafugaji wa Simmental la Marekani lilitoa orodha ya kwanza ya taifa ya madume ya nyama, kila dume na namba yake. Namba hizo ndizo wanaziita EPD, yaani tofauti inayotarajiwa kwa watoto. Dume wa +10 na dume wa -2 kwenye kilo za kuachishwa: ukiwapandishia majike yanayofanana, tarajia watoto wa yule wa kwanza wazidi kilo 12 kwa wastani. Haisemi kila ndama. Haisemi pia kwamba dume ni mzuri ama mbaya. Inasema tofauti, basi.

Usidhani ni mambo ya wazungu wenye mahindi tu. Afrika ya Kusini, tangu 1937, Jan Bonsma alipima ng'ombe kwenye vituo vya Mara na Messina, sehemu ya joto kali ambako ng'ombe wa Ulaya walikuwa wanateseka. Alipima uzito, uzazi, hata joto la mwili. Kutoka pale ilitokea jamii ya Bonsmara, jina lenyewe ni Bonsma na Mara, na mpaka leo mfugaji wa Bonsmara ni lazima aandike rekodi. Uzuri wa pembe na rangi hawakuuweka mbele. Na huku kwetu Kongo, ukienda upande wa Kongo ya Kati, utakuta N'Dama waliotoka Guinée na kuletwa wakati wa ukoloni, wadogo, lakini wanavumilia ugonjwa wa ndorobo pale ambapo ng'ombe mkubwa anakufa. Ukiwapima kwa kilo tu bila kuandika nani amebaki hai, utamfukuza yule anayekulisha.

Turudi Masisi. Baba mkubwa alikuwa na madume mawili. Simba, Ankole wa pembe ndefu, kifua kama mlango, watu walikuja kumpiga picha. Na Mweusi, dume mdogo mchanganyiko bila pembe, aliyepokelewa kama malipo ya deni, hakuna aliyempenda. Kwa bahati nzuri mchungaji alikuwa anapeleka jike kwa dume kwa mkono, siyo kuwaachia wote pamoja kilimani, kwa hiyo baba wa kila ndama alijulikana. (Kama madume yako yote yanatembea pamoja na majike, simama hapa, tengeneza hilo kwanza. Rekodi ya baba unayemdhania ni mbaya kuliko kutokuwa na rekodi.) Ndama wote walikua kilima kimoja. Kwa msimu ule nilipata watoto 15 wa Simba na 12 wa Mweusi. Baada ya kusawazisha siku na kutenganisha madume na majike, watoto wa Simba walikuwa kwa wastani kilo 4 chini ya rika, wa Mweusi kilo 5 juu.

Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa na diplome mpya, na sasa nilikuwa na siri ambayo wazee hawakuijua. Siku ya Mungu, baada ya chakula, mbele ya watu wote, nilisema kwamba Simba anatupotezea kilo 9 kwa kila ndama na auzwe kwa nyama, hela ilipe iniversite ya binamu yangu. Baba mkubwa hakukasirika. Aliuliza tu: "Watoto 15, hao ni mingi?" Sikuwa na jibu.

Lilikuwa swali lenyewe la Henderson. Watoto wachache wanaweza kuwa chini ya rika kwa bahati mbaya tu: mmoja aliugua, wawili mama zao hawakuwa na maziwa. Kwa hiyo tofauti unayoiona lazima uipunguze, na kiasi cha kupunguza kinategemea idadi ya watoto. Kwa dume ambaye watoto wake ni wa mama tofauti, fomula ni nyepesi: idadi ya watoto, gawa kwa idadi hiyo hiyo ikiongezwa k. Na k ni 4 kutoa kiwango cha kurithika, gawa kwa kiwango hicho. Kwa 0,25 inatoka 15. Basi dume mwenye watoto 5 unabakiza robo ya tofauti, mwenye 15 nusu, mwenye 45 robo tatu. Simba: -4 inakuwa -2. Mweusi, mwenye 12, unabakiza karibu 0,44: +5 inakuwa kidogo juu ya +2. Zile kilo 9 nilizozitangaza kwenye meza zilikuwa kilo 4 na kidogo. Ndiyo maana kwenye orodha za kweli kila EPD inatembea na namba ya pili, usahihi, kutoka 0 mpaka 1. Dume kijana mwenye +20 na usahihi mdogo ni ahadi ya mwanasiasa kabla ya uchaguzi.

Lakini kulikuwa na kitu kingine, na hicho nilikipata usiku, nikisoma safu ya mama. Simba alikuwa kwenye kundi kwa miaka saba. Kati ya watoto wake 15, sita mama zao walikuwa mabinti zake mwenyewe. Niliwatenga. Hao sita walikuwa kilo 10 chini ya rika. Wale tisa wengine walikuwa sifuri kabisa, sawa na rika. Yaani ule upungufu wote nilioupigia kelele ulitoka kwa hao sita.

Dume akimpanda binti yake, ndama anapata uwezekano wa asilimia 25 wa kubeba, kwenye sehemu yoyote ya damu, nakala mbili zinazofanana zilizotoka kwa babu mmoja. Kasoro zilizokuwa zimejificha zinatokea nje: kukua polepole, kufa mapema, uzazi hafifu. Wazee wetu wanalijua kwa binadamu, kuna sheria za ndoa katika kila kabila kwa ajili ya hilo. Kwa ng'ombe tunasahau sababu dume mzuri tunamwonea huruma kumwondoa. Lazima niseme pia, mabinti hao walikuwa wanazaa mara ya kwanza ama ya pili, maziwa kidogo, kwa hiyo sehemu ya zile kilo 10 ni ya ujana wa mama. Kwa kundi dogo kama letu kaye haiwezi kuyatenganisha hayo mawili.

Ukiwaondoa hao sita, tofauti ya Simba na Mweusi inabaki kilo 5 za macho, na baada ya kupunguza ni karibu kilo 2. Kilo mbili! Simba hakuwa dume mbaya. Alikuwa amekaa mno mahali pamoja. Jumapili iliyofuata nilirudi kwa meza ile ile na kusema nilikosea, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko mtihani wowote. Baba mkubwa alimbadilisha Simba na mfugaji wa mbali, dume kwa dume na mtamba mmoja juu, sababu mwenzake alimpenda kwa macho. Mtamba huyo aliuzwa, akalipa mwaka wa kwanza wa binamu. Kama tungefuata pendekezo langu la kwanza, angekwenda kwenye buchari.

Maneno machache juu ya mbegu za kuagiza, maana vijana wengi wananiuliza. Ndiyo, unaweza kupata mbegu ya dume wa Ulaya ama Marekani mwenye EPD nzuri sana. Kumbuka mawili. Namba hiyo ni ya ndani ya jamii yake, huwezi kulinganisha +30 ya Angus na +30 ya Simmental moja kwa moja. Na ilipimwa kule, kwa ndama waliokula kule. Dume anayetoa watoto wakubwa palipo na chakula kingi anaweza kutoa watoto wenye njaa kwenye kilima kikavu cha mwezi wa saba, wenye kupe na bila nafaka. Angalia pia namba ya uzito wa kuzaliwa. Kilo nyingi za kuzaliwa ndani ya Ankole mdogo ni jike lililokufa usiku na veterineri yuko umbali wa saa nne kwa moto. Kuna sasa pia vipimo vya damu: mwaka 2009 wataalamu walitoa ramani ya jenomu ya ng'ombe, walitumia jike la Hereford lililoitwa Dominette, kutoka Montana, na leo wanaweza kukadiria thamani ya ndama kwa nywele zake tu. Lakini kipimo hicho kinasimama juu ya maelfu ya rekodi za kilo na tarehe za jamii ile ile. Ankole wetu bila kaye, maabara haina cha kusoma.

Sasa yale majina manane.

Sikuanza na kilo. Nilianza na tarehe za kupandwa, sababu jike lenye mimba ni ng'ombe wawili kwenye nafasi ya mmoja. Tisa walikuwa na mimba ya miezi zaidi ya mitatu. Katika hao niliangalia siku kati ya uzazi na uzazi: kurithika kwake ni kidogo, lakini jike ambalo limezaa mara nne, kila mara chini ya siku 400, kwenye kilima kile kile, limekwisha kuonyesha kwamba linaweza kuishi kwa hali yetu. Kiisha kilo za watoto wake wote, siyo wa mwisho tu, sababu jike hurudia kazi yake mwaka kwa mwaka kwa kiasi cha kutosha, karibu 0,4. Wakabaki watano, Gaju akiwa wa kwanza. Mabinti wa Simba niliweka wawili tu kati ya hao watano, ili damu isijifunge tena. Mitamba miwili ya mama bora. Na Mweusi, sababu hakuwa na undugu na hata mmoja wao. Ndama wanaonyonya wangepenya katikati ya miguu.

Kamio liliondoka saa mbili na robo. Wale waliobaki, wachungaji walijaribu kuwapitisha kwa miguu. Kumi na mmoja walifika, wengine hatujui wako kwa nani.

Jioni nilipokea picha ya ng'ombe wakishuka. Nilihesabu wanane, nikaangalia pembe na rangi moja moja. Saba walikuwa wa orodha. Pale ambapo palipaswa kuwa mtamba wa pili alisimama Bihogo, miaka 13, siku 540 kati ya uzazi wake wa mwisho na ule wa kabla yake, mimba hakuna. Bihogo ni uzao wa ng'ombe wa mahari ya bibi yetu, wa mwisho aliyebaki. Nilimpigia baba mkubwa, tukaongea juu ya majani ya kule na maji. Juu ya hilo sikuuliza. Usiku nilichukua bic, nikaandika kwenye mstari wake: amefika.